Tulivyokwenda Kuiuliza Nyumba ya Thelathini

Msidhani nilipanda mlimani kutalii. Mjukuu wangu Naelijwa, Nae kwa kifupi, anasoma hisabati na takwimu chuoni, mwaka wa mwisho, lakini Kipare chake ni cha kuombea chumvi tu. Alitakiwa aulize nyumba thelathini huko juu ya Gonja wanavyogawana maji ya ndiva, lile bwawa la udongo linalofunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Bila nyumba thelathini hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna digrii. Mwenzake mmoja alijijazia majibu chumbani, akafukuzwa. Basi akanijia hapa Maore: "Bibi, twende ukanitafsirie."

Mwenyekiti wa kwaya, mnamjua anavyovuta maneno kama kamba ya mbuzi, akanionya: "Mnakweeenda kuhesabu watu? Watu hawahesabiiiwi."

Jumanne tulikuwa Same mjini kutafuta kibali. Upepo wa pale unakuvua kilemba mchana kweupe. Karani, kijana wa sauti ya puani, akanitazama. "Na huyu bibi naye mtafiti?"

"Mimi ndiye profesa," nikamwambia. "Huyu ananibebea mkoba."

Hakucheka. Akagonga muhuri, akasema nakala moja ya majibu irudi kwake. "Tunasafisha orodha za vijiji. Nyumba zisizo na watu tunazifuta."

Jumatano gari lilitufikisha mwisho wa barabara, tukamalizia kwa miguu. Huko juu ukungu haushuki kutoka mbinguni. Unatoka kati ya migomba, kama kuna mtu anapika nyuma yake. Kijiji chenyewe sikitaji. Mwenyeji wetu, Mama Eliapenda, ndiye mtunza ndiva. Mama huyu anaongea kama anavunja kuni.

"Shikamoo mama," Nae akasema.

"Marahaba. Mmefika."

Akatusogezea kigoda. "Kaa. Kula."

Alikuwa na daftari la zamu: nyumba sitini na nne, jina la mwenye nyumba, idadi ya watu na siku yao ya maji. Nae akazipa namba, akaiambia simu ichague thelathini.

"Kwa nini usichague hawa wa karibu na barabara?" nikamuuliza. "Magoti yangu yangekuombea."

"Nikichagua mimi, bibi, nitachagua wanaonichekea. Simu haimjui mtu. Na nyumba iliyoangukiwa na kura haibadilishwi."

Alhamisi na Ijumaa tulizimaliza ishirini na tisa. Mzee mmoja, sauti kama bawaba kavu, aliulizwa shamba lake lina ukubwa gani. "Linatosha," akasema. Kiasi gani? "Linatosha kunigombanisha na kaka yangu." Nae akabaki na kalamu hewani.

Ikabaki moja, namba arobaini na moja: Mzee Elieza, watu watano. Kila tuliyemuuliza njia aliangalia pembeni. Mama mmoja alifunga mlango taratibu huku bado anatujibu. Tukarudi kwa Mama Eliapenda.

"Kesho," akasema. "Jumamosi ndiyo zamu yao."

Jumamosi, saa moja asubuhi, ndiva ilikuwa imejaa, ukungu umeifunika kama mkeka. Mama Eliapenda akachomoa gogo la kuzibia, maji yakaanza kukimbia mferejini, nasi tukayafuata. Alikuwa mbele na jembe, anaondoa majani, na kila baada ya hatua kadhaa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yanakuja, mzee." Nikadhani mzee yuko karibu, mbishi tu wa kuitikia.

Tulipofika hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu uliootwa na nyasi, na jiwe moja la kizingiti.

"Mlima ulishuka," Mama Eliapenda akasema. "Masika, watu wamelala. Tulichimba kijiji kizima. Hatukupata hata kandambili."

Chini ya ule mteremko kulikuwa na shamba la maharage. Limepaliliwa, halina gugu hata moja. Maji yakaingia kila mstari bila mtu kuyaelekeza.

"Nani anapalilia?" Nae akauliza.

"Nilidhani jirani wa chini. Yeye alidhani mimi." Akakung'uta jembe. "Tukaacha kuulizana."

Nikamshauri mjukuu wangu kama mtu mwenye akili: aandike sifuri tukateremke. Mama Eliapenda akageuka.

"Akiandika sifuri, yule wa Same anafuta jina. Jina likifutwa, zamu wanagawiwa wengine. Hatukuwazika hawa. Tutawanyima na maji?"

"Basi tuulize nyumba ya jirani, tuandike kwa jina hili," nikasema.

"Huo ni uongo, bibi," Nae akasema. "Na pengo nalo mwalimu anaweza kulikataa."

Nilitaka kumchekesha tu. Mnanijua, mdomo wangu hauna geti. Nikakaa kwenye lile jiwe la kizingiti, nikamwambia, "Haya, uliza, mzee yupo." Nikakohoa mara mbili, nikaitoa sauti ya mzee nisiyemjua, nene, inayoburuta mguu, nikasema Kipare: "Mwanangu, andika. Hapa kwangu tuko sita."

Jembe la Mama Eliapenda likaanguka mferejini.

Hakuliokota. "Hicho kikohozi umekitoa wapi?"

"Nimekibuni."

"Daftari linasema watano. Tulichimba tukitafuta watano." Alikuwa ananong'ona. "Nietiwe, mkwewe, alikuwa na mimba changa. Aliniambia mimi peke yangu, na mimi sijamwambia mtu."

Nikainuka pale. Jiwe lilikuwa na joto kama limekaliwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nimekaa kidogo tu. Maji yalikuwa yamefika mstari wa mwisho, yakasimama.

Nae alikaa chini kwenye nyasi, dodoso magotini. Penye idadi ya watu hakuandika sifuri, wala tano, wala sita. Aliacha wazi, pembeni akaandika: *Tumefika. Haijulikani.*

"Hiyo inafuta?" Mama Eliapenda akauliza.

"Haifuti, mama. Sifuri maana yake nimejua kwamba hakuna mtu. Hii maana yake sijajua. Tumefundishwa kutozichanganya, na mwaka wa kwanza niliona ni mambo ya vitabuni."

Jumapili tuliteremka. Njiani aliniuliza mara moja tu: "Bibi, sita uliijuaje?"

"Sikuijua. Nilifungua mdomo."

Jumatatu, Same, karani wa puani alilishika lile dodoso muda mrefu. "Sasa hii nifute au nisifute?"

"Unafuta unachokijua," Nae akamjibu. Karani akalirudisha kwenye fungu, jina likabaki.

Mwalimu wake naye alimwita ofisini, Nae akanisimulia: "Ya thelathini iko wapi?" "Ipo, mwalimu. Haijajibu." Mwalimu akamwambia basi aandike hivyo hivyo, ishirini na tisa zimejibu katika thelathini, na aeleze kwa nini. Alieleza kurasa mbili. Amefaulu.

Mimi niliyeishi umri huu bila darasa nimejifunza kwamba kuna watu hawapo na kuna watu hatujui walipo, na hawa wa pili wana haki zao. Juzi Mama Eliapenda alipiga simu. Maharage ya Mzee Elieza yameshachumwa, nusu ya shamba, mstari kwa mstari, na si yeye aliyeyachuma. Na kwenye daftari, penye tano, amekuta pameandikwa sita, na mwandiko si wake.