Kaseti Iliyorudishwa Mara Nne

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimeshona nguo Gisimenti miaka mingi, na mteja akija kunifokea kwa suruali aliyoipima mwenyewe vibaya, namrudishia kitambaa chake akatafute fundi mwingine. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kwa nini niligombana na wenzangu kwa ajili ya kaseti moja iliyochakaa, nashangaa kwamba wanauliza.

Wenzangu hao ni watu kumi na wawili tuliokulia Bujumbura, karibu wote Wanyarwanda tuliozaliwa ukimbizini na kurudi huku tukiwa watu wazima. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tunakutana kwenye baa moja nyuma ya duka la vipuri, tunavuta viti chini ya mabati, tunasikiliza bendi moja tu. Ilikuwa bendi ya vijana watano wa mitaa yetu. Ilipiga kwenye kila harusi, ikavuma, ikavunjika, na kila kijana akaenda kurekodi kivyake. Nyimbo za bendi nzima kila mtu anazijua. Sisi tunatafuta zile kaseti za mmoja mmoja, zilizouzwa kidogo zikasahauliwa. Tunazitafuta kwenye masanduku ya marehemu, kwa mashangazi waliobaki Rumonge, chini ya vitanda vya watu wasiojua walicho nacho.

Tuna utaratibu wetu. Kaseti inachezwa ilivyo, mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayegusa kitufe hata ikikwaruza. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa Kifaransa aliyesahihisha watoto maisha yake yote, ndiye aliyeleta sheria hiyo: hapa hatumsahihishi mtu. Upande wa pili ukiisha, tunapiga kura kwa kunyanyua mikono. Wengi wakisema ibaki, kaseti inaingia kwenye kabati la vioo kando ya chupa za mwenye baa, na tangu siku hiyo inahesabiwa kuwa ya bendi. Wakisema irudi, aliyeileta anaondoka nayo.

Yangu ilikuwa imerudi mara tatu. Ilikuwa kaseti ya mpiga besi, yule aliyesimama nyuma kwenye kila picha, nusu ya uso wake ikiwa imefichwa na bega la mwimbaji. Niliinunua Buyenzi, kule kule Bujumbura, nikiwa msichana ninayejifunza kushona. Ina nyimbo nane, na sauti ni nzito, ya polepole, ya mtu anayeongea shavu likiwa bado kwenye mto. Anaimba juu ya mama anayechemsha maharage kwa kuni mbichi. Anaimba juu ya barua inayosubiriwa posta hadi karani anaona haya kumtazama anayesubiri.

Tulikuwa wasichana kumi kwenye karakana nilikojifunza, na bibi mwenye cherehani alituruhusu redio. Kaseti za wengine zilitukimbiza, tukaharibu pindo, tukatukanwa. Hiyo ya mpiga besi iliuacha mkono uende mwendo wake. Matundu yangu ya vifungo, ambayo wateja wanayasifu mpaka leo, niliyajifunzia humo. Kwetu tulilala sita chumba kimoja, na nchi tuliyoiita yetu hatukuwa tumeiona. Sauti ile peke yake haikuniharakisha kwenda popote. Niliipenda, na sioni kwa nini nilifunge neno hilo kwenye maneno mengine.

Wenzangu waliicheka. "Huyu anaimba akiwa amelala," mmoja alisema mara ya kwanza. Mara ya pili mwingine alimwomba mwenye baa alete mto. Mara ya tatu walianza kukoroma kabla sijabonyeza kitufe.

Niliipeleka mara ya nne kwa sababu mwenyekiti alitutangazia kwamba binti yake ataziingiza kaseti zote za kabati kwenye kompyuta, ili watoto wetu walioko Ulaya na Kanada wazisikie. Za kabati tu. Utepe wa yangu ulikuwa umeanza kuchakaa pembeni, na nilikuwa nimeuliza kila mahali bila kupata nakala nyingine. Nilijua kwamba mpiga besi asipoingia sasa, basi bendi itakuwa ya watu wanne milele. Wakaisikiliza, wakacheka, wakanyanyua mikono. Irudi.

"Mama, sisi tunakuheshimu," mwenyekiti aliniambia. "Lakini hii kaseti iko ya kulalisha watoto. Bendi ilikuwa na jina. Tusiitie aibu."

"Bendi ilikuwa na watu watano," nikamjibu. "Wewe na Kifaransa chako chote unahesabu wanne."

Niliifunga kwenye kitenge nikiwa nimevimba kwa hasira. Fundi redio wetu alinifuata hadi mlangoni. Yeye ni Mwislamu, sasa anakaa Biryogo, babu wa babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Hakunywa hata siku moja pale, ila Fanta yake, na ndiye anayeitunza mashine ya kuchezea kaseti.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "yule mpiga besi yuko hai. Analima Masaka, hapo nje ya mji. Nilimtengenezea redio mwaka jana."

"Na umekaa kimya mwaka mzima?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Alhamisi nilifunga karakana, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, na redio kaseti mapajani. Masaka siku hizi ni maharage na mihogo katikati ya nyumba mpya, kila mtu anajenga. Nilimkuta akipalilia kipande kilichobanwa na kuta mbili za jirani. Mzee mrefu, vidole vinene, kofia ya kuchanika. Nilipomwambia nimeleta nini, hakufurahi hata kidogo.

"Hiyo kaseti ndiyo ilinikatisha kuimba," alisema. "Nilimwachia kazi yangu mtu wa duka anakili, mimi nikaenda Gitega kutafuta kazi. Nikarudi, soko yote inanicheka. Wananiita mzee wa usingizi, na nilikuwa kijana."

"Wewe mwenyewe uliisikiliza?"

"Nani anataka kusikiliza kitu wanamchekea?"

Sikumwomba ruhusa. Nilibonyeza kitufe palepale, redio ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisimama na jembe lake akitazama chini. Wimbo wa kwanza haukufika katikati.

"Simamisha." Akainama karibu na redio. "Umesikia ile sauti ya chini kabisa, ya gita?"

Nilisema nimeisikia.

"Haiko kwenye gita yangu. Uzi wa chini kabisa, hata ukiuacha bila kidole, unaishia juu ya hapo. Hakuna mahali pengine pa kushuka." Akaweka jembe chini. "Mashine ya yule mtu ilikuwa inakimbia wakati wa kunakili. Ukicheza kwingine, kila kitu kinavutwa chini, gita na mimi pia. Mama, hii siyo sauti yangu."

Aliketi kwenye tuta, juu ya maharage yake mwenyewe. Miaka yote hiyo alidhani kasoro ilikuwa kooni mwake.

Nilimpigia simu fundi redio nikiwa bado shambani. Alisikiliza, akavuta pumzi. "Nilishuku tangu mara ya kwanza," alisema. "Bisibisi ilikuwa mfukoni. Ukigusa skrubu ya mota, mwendo unarudi. Lakini si tulikubaliana hakuna kugusa?" Nilimwambia maneno ambayo mama Mkristo hayaandiki. Sisi tunaobishana saa nzima mpiga gita alitumia kidole gani, tulikuwa tumekaa mara nne tukisikia sauti isiyokuwepo kwenye chombo chochote cha bendi ile, tukamcheka mwimbaji. Na mimi niliyejiona mtetezi wake nilikuwa nimekaa nao, sikusikia kitu.

"Na wewe," mzee akaniuliza nilipokata simu, "wewe uliyeipenda, ulipenda nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia ukweli, kwamba niliipenda sauti ile ile, nzito ile.

"Basi ulipenda mashine ya duka."

Iliniuma. Nilianza kufunga redio kwenye kitenge, nikataja tu kwa uchungu kwamba wenzangu walishaipigia kura mara nne.

"Kura?" alisema. "Kura gani?"

Nikamweleza kabati, mikono, irudi. Alisimama akakung'uta suruali. Hapo ndipo nilipomwona mtu wa jukwaani.

"Wananipigia kura mara nne, na mimi niko hapa, nusu saa na moto? Jumapili saa ngapi?"

Alikuja na koti la rangi ya kahawia na viatu vilivyopakwa kiwi. Watu walisimama wote. Wengine hawakuwa wamejua kama yuko hai, na aliyeomba mto alikwenda kujishughulisha na viti. Mwenyekiti alimkaribisha kwa Kifaransa kirefu. Nilipomweleza habari ya mota, alikunja midomo.

"Sheria iko wazi," alisema. "Kaseti inachezwa ilivyo."

"Mmemcheka mtu huyu kwa sheria hiyo," nilisema. "Leo skrubu itaguswa. Asiyetaka, mlango ni ule."

Hakuna aliyetoka. Fundi redio alifungua mashine, akazungusha kidogo, akasikiliza, akazungusha tena, macho yakiwa kwa mzee. Mzee alitikisa kichwa mara mbili, mara ya tatu akainua kidole. Hapo ikatoka sauti ya kijana. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, yenye kiburi kidogo, na besi chini yake ikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Maharage yale yale, barua ile ile. Wenzangu walitabasamu mpaka aibu ikawatoka. Mwenyekiti aliitisha kura, mikono yote ikapanda, na wangu pia, kwa kuwa ilikuwa nzuri na sikatai kizuri.

"Basi, kosa limekwisha," mwenyekiti alisema huku akisugua viganja. "Binti yangu ataiingiza hivi, kwa mwendo wake. Ile ya usingizi tunaisahau."

"Isahauliwe," mzee alisema. "Sitaki mtu aisikie tena."

Walifurahi, wakaagiza soda na bia, wakamwomba awaimbie kidogo. Alikataa, wakasihi. Mwisho aliweka glasi pembeni, akagonga meza kwa vidole viwili kutafuta mwendo, akaanza ule wimbo wa barua.

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Koo lake la uzeeni lilikuwa limeshuka, na lilikuwa limeshuka hadi pale pale mashine ya duka ilipompeleka akiwa kijana. Pumzi zilikuwa fupi, kwa hiyo aliimba polepole. Ilikuwa sauti ya karakana, niliyoijua kabla ya kuijua nchi hii. Watu waliokoroma mbele ya sauti hiyo walikaa na glasi mikononi, hawanywi. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee alipomaliza, hawakupiga makofi mara moja. Mtu mmoja alijipangusa macho kwa mkono wa shati.

Ningeweza kuacha hapo. Kila mtu alikuwa ameridhika, na kaseti ilikuwa imeshapita. Lakini walikuwa wanakwenda kuifuta sauti ile mara ya tano, safari hii kwa heshima, na sikulivumilia hilo.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba kura nyingine. Ile ya polepole. Ilivyo, bila skrubu, iingie pamoja na hii."

"Mama, reka, acha tu," alisema kwa upole. "Ile iko kosa ya mashine. Mwenyewe amekataa."

Mzee alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Mama, umenisaidia, nakushukuru. Lakini mimi sikuimba hivyo."

"Umeimba hivyo sasa hivi, mzee," nikamwambia. "Na wote wamenyamaza."

Nilidhani nimemtukana mtu mzima mbele za watu, na nilikuwa tayari kuchukua kitenge changu niondoke nisirudi tena. Mwenyekiti alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya darasani kwamba kura imeombwa, nani anasema ibaki. Nilinyanyua mkono. Fundi redio alinyanyua wake, bado umeshika bisibisi. Wengine wote walisubiri, hawakuthubutu kwenda upande wowote kabla ya mzee. Mzee aliitazama ile mashine ya kaseti. Halafu akanyanyua mkono.