Simu ya Kupokelea Mvuani

Dukani mtaa wa Bulyaga, juzi, nilimkuta kijana muuzaji akimsifia mama mmoja mchuma chai simu mpya.

"Kamera yake inapiga picha mpaka mwezi, mama."

"Mwezi? Hapa Tukuyu, mwanangu, mwezi wenyewe tunauona lini?"

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Mama akaeleza shida yake: bintiye yuko hospitali Igogwe, anasubiri kujifungua. Jana alipiga, mama yuko shambani, vidole vimelowa, kioo kikagoma.

"Hii ina akili bandia. Inakuandikia hata barua."

"Mimi nataka ipokee."

Akamwachia laini yake aiweke, akatoka kukinga mkono kwenye maji ya bati, akarudi. "Haya, nipigie." Simu ya mwezi ikaita. Akatelezesha kidole, ikafungua kamera.

"Futa mkono kwanza, mama."

"Nikingoja mvua ya hapa ikatike, mjukuu atakuwa anatembea."

Laini ikahamishiwa kwenye nyingine, ya bei ya chini, iliyowekwa pembeni mwa kabati. Ikaita, akagusa kwa kidole kilekile kilicholowa, ikapokea. Kijana akaitazama kana kwamba nayo imeletwa muda huo. "Kumbe," akasema.

Ubunifu ulikuwamo kabatini siku zote, ila hakuna aliyeutangaza. Mama akalipa, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga", akaingia mvuani ameishika mkononi.

Marehemu mke wangu alinunua miavuli hivyohivyo: aliifungua nje, mvuani, muuzaji akimsubiri mlangoni. Nami pembeni nilikuwa najifanya hatukuja pamoja.