Kadi Tuliyoioka Katika Sufuria ya Keki

Mama alikuwa na ombi moja tu, na hakulificha: alitaka kumwona yaya yangu akiongea kabla hajafa. Yaya, ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita kaka mkubwa, ndiye kifungua mimba wake. Alikuwa amepelekwa ng'ambo pamoja na mke na watoto, sisi tukabaki katika kambi ya wakimbizi ya Rubondo na shamba letu la mahindi na maharage, na kila tulipouliza habari za faili yetu ya kumfuata tuliambiwa bado inasomwa. Sauti ya yaya tuliipata kwenye simu kila Jumapili. Picha zake alituma, mama akazibandika ukutani juu ya kitanda. Hazikumtosha.

"Picha haijibu," alisema. "Nataka nimuone vile anaongea, nijue kama anakula kweli ao ananidanganya."

Aliyekuwa akidanganya ni yeye. Hospitalini walikuwa wamekuta uvimbe tumboni mwake, wakasema tumechelewa kuja. Akaniapisha nisimwambie yaya neno. Aliogopa kwamba akisikia atakatisha kila kitu na kurudi kabla karatasi zake za huko hazijakamilika, na mlango uliomfungukia ufungwe. Mpango wake ulikuwa rahisi: atavaa vizuri, atakaa wima, yeye amwone mtoto na mtoto amwone mama asiyeumwa.

Ndiyo maana nikaileta kompyuta nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni niliwaandikia watu barua zao. Mashine niliipata kwa fundi mmoja wa Nyamityobora, mjini Mbarara; kuukuu, ya mezani, tukaiwasha kwa sola na betri ya gari. Nikaongeza kamera ndogo ya kubana juu ya kioo na modemu ya intaneti. Simu zetu miaka ile zilikuwa za vitufe, hazikujua mambo ya kuonyeshana sura, na barabara ya kwenda penye kompyuta nyingine mama asingeiweza tena. Mara ya mwisho kumpakia boda alilia njia nzima, na mama yangu si mtu wa kulia.

Jumapili ya kwanza alioga mapema, akajipaka mafuta usoni, akafunga kilemba chake cha kitenge. Nilimwegemeza kwa mito miwili, nikaweka na mkono wangu mgongoni mwake. Simu ikaita, yaya akaitika. Kwenye kioo likaanza kutokea paji la uso. Halafu mistari ya kijani na zambarau ikashuka kutoka juu hadi chini, kioo kikawa cheusi. Sauti iliendelea kama kawaida.

"Yaya, hatukuone," nilisema. "Kioo kimekufa."

"Basi tuongee tu hivyo," akajibu.

Wakaongea. Mama akamwambia yuko mzima, anakula, anatembea mpaka kanisani. Nilipoizima mashine na kuiwasha tena, nilikuta ujumbe wa Kiingereza: draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha, imeacha kujibu. Niliusoma mara tatu. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilipata adui wa kukaa naye nyumba moja.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kuchagua. Barua za watu mashine iliziandika kutwa bila kinyongo. Ukifungua video tu, mistari, giza. Nilikwenda Mbarara nikashusha draiva nyingine kwenye flashi, nikaiweka, nikajaribu. Ngoma ikawa ile ile. Nikarudi nikachukua ya zamani zaidi. Jumapili tatu zilipita hivyo, na kila Jumapili mama alioga, akajipaka mafuta, akafunga kilemba, akakalishwa mbele ya kioo cheusi. Jumapili ya tatu mito haikuwa miwili tena, ilikuwa minne.

Kosa la kwanza niligundua kwa kuunguza vidole. Sisi watu wa Kivu hatuachi chombo cha heshima kikae uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata dumu la maji ya wageni. Mama alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cheupe kwa mkono wake, chenye maua na pindo refu la kushuka pande zote, na pindo hilo lilikuwa limeziba matundu yote ya kutolea moto. Nilikiondoa tu wakati wa kumwonyesha mgeni mashine. Tukiwa wenyewe tulikikunja mbele, nyuma kikabaki. Siku hiyo niligusa boksi kwa nyuma, likanichoma. Wiki zote hizo nilikuwa namlaani fundi wa watu, kumbe mashine inakosa pumzi chini ya maua ya mama.

Nilikivuta kitambaa nikakitupa sakafuni.

"Sasa itakaa vile, bila kitu?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Kitambaa chako ndicho kinakunyima mtoto wako," nilimfokea. Hivyo hasa ndivyo nilivyosema, kwa mama mgonjwa. Aligeuka upande wa ukuta. Nimeomba msamaha kwa mambo mengi maishani, na hili niliomba palepale, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Nilifungua boksi. Vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa kwenye feni ya kadi. Nililipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka uani pakawa na wingu. Jumapili iliyofuata, mistari ilikuja vilevile, ikachelewa kidogo tu.

Nikaing'oa kadi, nikaifunga kwa kanga, nikaipeleka Nyamityobora. Fundi alikuwa Mwislamu wa makamo, mpole mno kwa hali niliyokuwa nayo. Aliiweka kwenye mashine yake, akafungulia mpira, tukautazama tangu asubuhi mpaka akaenda kuswali adhuhuri na kurudi.

"Ssebo, hii kadi haina shida," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya huko. "Inaonyesha tu. Labda umeme ya kwenu ndiyo mbaya."

Nilirudi nayo nikabadili nyaya, nikaazima betri nyingine kwa jirani. Giza. Nikairudisha kwake, ikafanya kazi. Nikaileta nyumbani, ikakataa. Nilianza kuamini kwamba kitu hiki kinanijua. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mama, na mmoja akaweka mkono juu ya boksi akaliombea pia. Sikucheka. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote, maana maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Mara ya tatu fundi aliitazama kadi muda mrefu kwa kioo cha kukuzia. Dukani kwake, akaniambia, mashine iko wazi mezani na feni inaipulizia, ndiyo maana haikuonyesha ugonjwa.

"Lehemu imepasuka. Moto imeipasua. Sasa ikipata joto inaachana, ikipoa inashikana. Na ile barabara ya kwenu inamaliza."

"Nyingine haiko?"

"Hii aina iliacha kuja. Zile mpya haziingii kwa mashine yako." Akaitazama sura yangu, nadhani akaona kitu. "Iko jambo moja. Unaipika kwa oveni. Lehemu inalainika, inashikana tena. Inaweza kukaa mwezi, inaweza kukaa saa moja. Mimi siwezi kukuahidi. Nyumbani uko na oveni?"

Nikamjibu tunayo. Sikudanganya sana. Kabla ya kuugua, mama ndiye aliyeoka keki za harusi karibu zote za Rubondo, kwa sufuria nzito yenye mchanga chini na mfuniko wa kubebea makaa juu. Hakuna aliyejua moto kuliko yeye.

Jumamosi nilivuta godoro lake mpaka mlangoni ili aone uani. Nilikuwa nimeondoa feni ya kadi na kila kilicho cha plastiki, kama fundi alivyoniagiza. Mama alinitazama nikipanga makaa, akashindwa kuvumilia.

"Moto mingi juu, chini kidogo," alisema. "Vile unafanya itaungua matako, kichwa ibaki mbichi."

Aliniamuru nitupe kipande cha karatasi ndani. Kikigeuka rangi ya chai, ndipo niweke. Kiligeuka. Niliilaza kadi juu ya vizibo vitatu vya soda, nikafunika. Saa hatukuwa nayo ya maana. Mama alipima keki kwa nyimbo, na hii pia aliipima hivyo: aliimba beti zote nne za wimbo wa kanisani, polepole, akipumzika kati ya ubeti na ubeti, kisha akasema toa makaa, usitikise, usifunue.

"Keki yako inanuka vibaya," akaongeza. "Atakula nani?"

Nilicheka, naye akacheka akishika tumbo. Ilikuwa miezi sijamsikia akicheka. Nikajiruhusu kuamini.

Jumapili niliiwasha mashine bila kumwamsha. Nilitaka kwanza nihakikishe. Nikapiga, yaya akaitika, na hapo kwenye kioo, mzima kabisa, kaka yangu akanitazama. Alikuwa amenenepa mashavu. Alikuwa na ndevu. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mti usio na majani.

"Mama," niliita. "Mama, yuko hapa, amka."

Aliamka. Nikamkalisha, nikamweka mito. Lakini alipotaka kugeukia kioo akagusa kichwa chake, akakiona kitupu.

"Ngoja. Kilemba changu."

"Mama, wacha kilemba."

"Mutoto wangu mukubwa hawezi kunikuta kichwa wazi. Ngoja."

Ningemgeuza kwa nguvu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumgeuza kwa nguvu. Nilimpa kilemba, naye akakizungusha mara moja, vidole vikamshinda, akaanza upya, akiwa amekipa kioo mgongo kwa adabu ileile aliyotufundisha, maana mtu hajipambi mbele ya mtoto wake. Nikaiona mistari ya kijani ikishuka juu ya ndevu za yaya. Alipogeuka kulikuwa na giza.

Niliipiga ile mashine. Niliipiga kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu nikaingia chini ya meza nikijifanya natazama nyaya, nikalia huko kwa kuuma mkono wa shati. Juu yangu mama alikuwa ameanza kuongea na yaya kwa sauti ya furaha, akimuuliza habari za watoto. Niko muzima, nilimsikia akisema, nakula vizuri.

Simu ilipokatika alinishika bega.

"Alikuwa namna gani?"

"Amenenepa, mama. Ana ndevu."

"Ndevu za namna gani? Kama za papa yake?"

"Kama za papa."

"Anacheka upande gani?"

Sikujua. Nilisema wa kushoto. Usiku na mchana wa siku zile alinirudisha kwenye maswali hayo, nami nikaongeza vitu, shati, saa ya mkononi, mpaka sikujua tena nilichoona na nilichotunga. Nilimpigia fundi. Aliniambia laptopu yake mwenyewe iko kwa mteja, itarudi Alhamisi, nije Ijumaa niichukue bure. Mama alikufa Alhamisi alfajiri.

Nilimpigia yaya. Alilia, lakini hakuuliza mama ameuawa na nini. Hakuuliza aliugua lini. Niliposema tumboni, alisema ndiyo. Nilizika mama yangu nikiwa na hasira naye. Nilijiambia huko ng'ambo kumemgeuza jiwe, mtu anafiwa na mama mzima wa afya na haulizi.

Zilipita wiki tatu ndipo tukaongea vizuri. Nilikuwa namsimulia ile Jumapili ya mwisho, jinsi nilivyoipiga mashine, nikiwa nataka nimchome kidogo, ajue tuliteseka.

"Ulipoingia chini ya meza," akasema, "mama alisogea karibu. Akashika pindo ya kitenge, akaanza kufuta kioo. Alifuta mingi. Sura yake ilikuja karibu kabisa na mie."

Nilimuuliza amejuaje.

"Nilikuwa nabaona," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Kioo chenu ndicho kilikufa. Kamera haikukufa."

Kila Jumapili. Aliniambia kuhusu mito, alikuwa ameihesabu. Aliuona mkono wangu mgongoni mwa mama. Alimwona akilala taratibu ubavuni, macho yamefungwa kwa maumivu, huku mdomo ukisema nakula, natembea. Alikaa kwenye chumba chake huko kwenye baridi akijibu vizuri mama, asante mama, kwa sauti isiyotetemeka, akimtazama mama yetu akiisha.

"Juu ya nini haukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema, ungezima."

Nilitaka kubisha. Lakini mama angeniamuru nizime kamera, na mimi ningezima.