Nyembe Kuukuu za Mume Wangu

Mwanamume wa miaka sitini na kitu akianza ghafla kupenda mashavu laini, mke mwenye akili hafumbi macho. Mimi sikufumba miezi miwili.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nimezaliwa Malindi, nikaolewa Garissa ningali msichana, na miaka thelathini na zaidi nimekaa hapa na joto lake na vumbi lake na mume wangu, Msomali mwenyeji aliyekuwa karani mpaka alipostaafu. Watoto wameoa na kuolewa. Tumebaki wawili, na ukibaki na mume peke yenu ndipo unapoanza kumchunguza.

Siku moja alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, alikokwenda kumzuru binamu yake mwenye duka, akiwa na katoni ndogo. Nikadhani ni sukari. Kumbe nyembe! Zile za kukunja, za kizamani, zilizotoka ng'ambo pamoja na mitumba: nane, zimeliwa na kutu, mipini ya pembe imepasuka. Nikamwuliza za nini, na nyembe za dukani zipo tele.

"Za dukani ni takataka," akasema. "Hizi ndizo nyembe. Ngoja, bole bole utaona."

P ya mume wangu ni b tangu nimjue, hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni alivyotabasamu.

Basi kila baada ya alasiri akawa anakaa chini ya mwarubaini uani. Alitoa mipini kwanza, akasugua kutu kwa msasa laini na mafuta ya kupikia, mafuta yangu. Mbili alizitupa. Alisema kutu imefika kwenye makali na kuacha vishimo, na kishimo huficha uchafu wa mtu usiyemjua. Zilizobaki akazichemsha, akazifuta kwa spiriti. Halafu mawe ya kunolea, matatu, moja laini kuliko jingine, akayaloweka kwenye beseni langu la kukandia unga. Ebo! Beseni la unga! Wembe anaulaza kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, anausukuma makali yakitangulia, anaugeuza, anaurudisha. Mwisho ni mshipi wa ngozi ya ngamia alioupigilia msumari mtini. Hapo mgongo ndio unaotangulia, ukisahau unakata ngozi. Mshipi wa kwanza aliukata vipande viwili, na mimi nikafurahi.

Kazi nzuri, sikatai. Lakini nzuri kwa ajili ya nani? Wembe wa kwanza ulipokubali, akaanza kunyoa mashavu kila asubuhi, akazidisha hina kwenye ndevu za kidevuni, akanunua uturi mpya bila kuniuliza harufu ipi naipenda. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilishaona mawingu.

Kisha nikaona nywele. Nilikuwa natafuta beseni langu, nikafungua kisanduku cha mawe yake, nikakuta kipande cha gazeti kimekunjwa vizuri. Ndani mna nywele ndefu, nyeusi tititi. Zangu zina mvi na hina, hata kipofu angezitofautisha. Nikazishika, zikawa ngumu ngumu, nikasema moyoni: hata mafuta hajui kupaka, huyo! Niliumia jamani, sitaki kudanganya.

Sikumwuliza. Mwizi ukimwuliza anaficha. Nilianza kuhesabu wanawake wenye nywele nyeusi ndefu, na sikufika mbali. Jirani yetu, mjane anayeuza maziwa ya ngamia, nilikuwa nimemwona mara nyingi akisuka nywele ndani kwake, zinafika kiunoni. Alikuwa kama mdogo wangu. Tulikuwa tukila sahani moja. Na kila asubuhi mume wangu ndiye aliyekuwa akienda kuchukua maziwa, eti kunyoosha miguu!

Nikaacha kununua kwake. Hilo lingetosha, lakini hasira ina mdomo. Kwenye harusi moja, wanawake tukipakwa hina, nikasema maziwa ya yule yana maji. Nikasema mara moja tu. Baada ya wiki moja nikawa naona madumu yake yamejaa mpaka adhuhuri, na yeye amekaa nayo kivulini, hanung'uniki. Nikajiambia anastahili.

Halafu siku moja, mchana kweupe, muuza maji akasimamisha mkokoteni wake mlangoni. Nikiwa dirishani nikamwona mume wangu anazunguka nyuma ya punda, anatazama kulia na kushoto, anashika mkia, anang'oa. Punda akarusha teke, mzee akaruka mpaka kofia ikaanguka. Nikatoka mbio.

"Unafanya nini?"

"Nachukua nywele," akasema, akihema. "Nabimia makali. Unashika nywele moja hewani, unaisogeza kwenye wembe. Ikikatika yenyewe, wembe uko tayari."

Akanionyesha. Nywele ya punda ikaanguka vipande viwili bila sauti. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miezi miwili nimeonea wivu mkia wa punda! Kisha nikakumbuka yale madumu, kicheko kikanikauka. Astaghfirullahi.

Nikaenda kwa mjane saa hiyo hiyo. Nilimweleza yote, nywele, kisanduku, harusi, punda. Nilitegemea atacheka, tucheke pamoja, yaishe. Hakucheka.

"Abaayo," akasema, ndivyo Wasomali wanavyomwita dada. "Nilijua ni wewe umesema maziwa yangu iko na maji. Wateja waliniambia."

"Mbona hukuja kunitukana?"

Akafuta mdomo wa dumu kwa kitambaa, muda mrefu. "Mzee yako alituma watu kwa kaka yangu, huko Bura. Anataka kunioa."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nilikataa," akasema. "Hiyo ilikuwa kabla hujaanza maneno ya maziwa. Mimi nimekula kwako. Mtoto wangu akiwa mgonjwa, wewe ulilala na sisi hosbitali. Nitakuja kwa nyumba yako niwe nani?"

Nilimlilia begani kama mtoto. Alinikubalia msamaha, na kesho yake nilizunguka nyumba zote za wale wanawake wa harusi, moja baada ya nyingine, nikisema mimi ni mwongo. Mume wangu sikumwambia neno.

Ijumaa asubuhi akaniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiinua juu, povu limejaa shingoni. Akanipa wembe bora kuliko wote, akaomba nimnyoe hapo chini ya kidevu, macho yake hayafiki. Alikuwa na furaha yake.

Nikaweka wembe shingoni.

"Nimetoka kwa jirani wa maziwa juzi," nikasema. "Amenieleza habari za Bura."

Koromeo likapanda, likakwama chini ya makali. Macho yakafunguka, lakini kichwa hakikusogea hata kidogo. Akataka kufungua mdomo.

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Utajikata."

Nikasema mimi. Nilianza na jina la yule mwanamke na heshima yake, nikaingia kwenye miaka yangu thelathini, na nilisema mpaka povu likamkaukia shingoni.