Siku Nilipomshika Mchina Dole

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililikalia kidogo tu, baba akanitoa nikaamie ndege kwenye mpunga. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine. Nilianza kuchokoa kaa kwa kulabu kwenye mikoko nikiwa sina hata kandambili. Leo kila kaa anayetoka upande wetu wa Salale anapita kibandani kwangu kabla ya kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko anapanda ndege kwenda Uchina akiwa hai. Sikurithi kitu. Hakuna aliyenibeba.

Mnunuzi wangu ni Mchina mwenye ghala mjini. Mwanzoni alikuwa akilalamika kwamba namletea kaa watupu, na alikuwa anasema kweli. Kaa mtupu ni yule aliyejivua gamba karibuni. Kwa nje mkubwa, ndani maji. Ukimchanganya na wazima ndani ya tenga, nani atamwona? Basi bosi akamleta shemeji yake, dada wa mkewe, akae kwangu awe anawapanga.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, nywele kazikata kama mwanafunzi. Chombo chake cha kazi kilikuwa dole gumba. Anamgeuza kaa, anambonyeza tumboni karibu na mguu wa nyuma. Pakiwa pagumu, huyo anakwenda. Pakibonyea, anamweka pembeni. Sikumwona akikosea hata siku moja. Wavuvi walimchukia wiki ya kwanza, ya pili wakamzoea, ya tatu wakaanza kumletea ndizi, kwa sababu kaa mzuri wa maskini alimwita mzuri na kaa mbovu wa tajiri alimwita mbovu. Tajiri ndiye mimi.

Kiswahili alikipata kwa wanawake wanaofunga kaa magando, mke wangu akiwa mkubwa wao. Alinunua khanga, akajifunza kula kwa mkono, akajifunza na matusi yetu ila hakuyatumia. Jambo lake moja tu lilikuwa geni. Kila alfajiri, sisi tukitoka msikitini, tunamkuta nyuma ya kibanda kasimama kimya, mikono kaizungusha mbele kama aliyekumbatia pipa. Anakaa hivyo mpaka wewe unayemtazama uchoke. Kisha anakaa chini, miguu kaipishanisha, macho kafumba. Vijana walisema anawanga. Mimi nikawaambia mwanga gani anawanga jua likichomoza.

Mke wangu ndiye aliyemuuliza, na ndiye aliyenisimulia. Kwao alitokea mtu akafundisha watu mazoezi hayo kwenye bustani za miji, bure, pamoja na maneno matatu ya kuishi nayo: kweli, huruma, uvumilivu. Wazee wenye migongo mibovu wakafuata, walimu wakafuata, hata askari wakafuata. Serikali mwanzoni ikawaacha. Walipozidi kuwa wengi ikaogopa, maana ni watu wanaokusanyika bila kuitwa na serikali. Ikawapiga marufuku, ikasema hiyo ni imani potofu inayoua watu, ikawafunga. Anayetaka kutoka anatia dole kwenye karatasi ya kukana: kwamba alipotea, kwamba yale mazoezi ni uovu, kwamba hatarudia. Yule mama alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifungwa, akatoka, dada yake akamtorosha kwa jina la kazi ya kaa.

Bosi naye alikuwa na yake. Alisema hao watu ni wakaidi, wanakataa hata dawa za hospitali. Hapo hakusema uongo mtupu, kwa sababu masika moja yule mama aliumwa homa akatetemeka siku tatu anakataa vidonge, mpaka mke wangu akamwambia kama anataka kufa akafie kwao, hapa tutamzikaje mtu asiye na sala. Akacheka, akameza.

Baadaye mke wangu naye akaanza kusimama pale nyuma ya kibanda, akisema mgongo unamwachia. Akafuata mwingine, akafuata wa tatu. Hapo ndipo mtendaji wa kijiji aliponiita, akanikaribisha kiti, akaniuliza kwa upole: "Mzee, pale kwako kuna kikundi?"

Mtu wa mbali hawezi kujua neno hilo lilivyonishika. Sisi wa Kibiti tumetoka kwenye miaka ambayo watu walikuwa wakiuawa, na wengine wakitoka nyumbani wasirudi, na watu wanne wakikaa pamoja kila mmoja anajiuliza nani wa tano. Nikamjibu hakuna kikundi, kuna wanawake wanajinyoosha. Nikarudi nyumbani nikamkataza mke wangu. Akaniambia nimkataze na kuota jua.

Na mimi nina damu ya Ngarambe kwa upande wa bibi. Wazee wake walikunywa yale maji wakaambiwa risasi za Mjerumani hazitawaingia. Bibi alikuwa akitusimulia huku anatwanga, hapunguzi kasi ya mchi: waliokataa kuinama walinyongwa, walioinama ndio waliotuzaa. Mimi ni mzao wa walioinama na sioni haya.

Ikafika siku pasipoti ya yule mama ikawa inakaribia kwisha. Bosi akaja kwa boti, mchana kweupe, kibanda kimejaa, na mkononi ana karatasi na kikopo cha wino mwekundu. Alizungumza naye kwanza kwa lugha yao, muda mrefu. Yule mama alikuwa anatikisa kichwa huku anaendelea kubonyeza kaa. Kisha bosi akanivuta pembeni akanieleza. Watu wa serikali ya kwao wanataka karatasi ya kukana, ndipo pasipoti mpya itoke. Bila pasipoti, uhamiaji wetu watamkamata na kumrudisha, na akirudi bila karatasi anaingia gerezani moja kwa moja. Na yeye na dada yake wana mama mzee kule, watu wanakwenda kumgongea mlango kila wiki.

"Wewe anakuheshimu," akaniambia. "Wewe saidia."

Nilijiona mkubwa, nakiri. Nikaenda nikakaa mbele ya yule mama juu ya tenga lililogeuzwa. Nikamwambia: "Mama, mie nimetia dole maisha yangu yote. Shamba, dole. Chama, dole. Kibali cha kaa, dole. Serikali yoyote ukiipa dole inaridhika inakwenda zake. Moyo wako bakia nao, nani kakuomba?"

Nikamweleza na habari ya bibi, waliokataa na walioinama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akamweka chini kaa aliyekuwa naye.

"Mzee, mimi nilishatia mara moja," akasema.

Akanisimulia kwa Kiswahili chake cha vipande, hana machozi. Kule gerezani hawakuruhusiwa kulala. Alikuwa na rafiki, kitanda kimoja. Yeye akashindwa, akatia dole. Wale askari hawakumwachia kwanza, wakampa kazi: akae na yule rafiki amshawishi naye atie. Akakaa naye. Akamwambia ni dole tu, moyo hawaoni. Akamwambia wafikirie watoto wako. Kila siku, asubuhi mpaka jioni, akamwambia. Rafiki hakutia, na hakutoka mzima.

"Nilisema maneno mazuri sana," akaniambia. "Kama wewe sasa."

Watu wote kibandani walisikia. Wafungaji walisikia, wavuvi walisikia, mke wangu alisikia. Mimi mzee mzima, niliyejenga kila kitu pale kwa mikono yangu, nimefananishwa na mtumwa wa askari jela, na aliyenifananisha ni mtu ninayemlisha. Sitasema nilifanya kwa kumhurumia. Baadaye niliwaambia watu hivyo, na ni uongo.

Nilimshika kifundo cha mkono wa kulia. Sahihi huwezi kumwandikisha mtu kwa nguvu, lakini dole unaweza. Alikuwa amekunja ngumi, dole limejificha ndani. Mimi nimefungua magando ya kaa miaka arobaini. Ngumi ya mwanamke itanishinda? Nikafungua kidole cha mwisho, kikafuata kingine, kingine. Bosi akamshika mabega kwa nyuma, kidogo tu, kama anayeona haya. Nikatoa lile dole, nikalichovya kwenye wino, nikalikandamiza kwenye karatasi pale bosi aliponionyesha, nikalizungusha kushoto na kulia kama wanavyotufanyia ofisini ili litokee vizuri. Lilitokea vizuri.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja la kwao, akalirudia, taratibu, kama anayehesabu. Nyuma yangu mvuvi mmoja akasema, "Mzee leo kamfunga kaa jike," na wenzake wakacheka. Nami nilicheka. Bosi akapuliza wino ukauke, akakunja karatasi, akaondoka kabla maji hayajapwa.

Mke wangu alimpeleka yule mama kisimani. Walikaa huko kitambo, wakisugua kwa majivu na ndimu. Wino ule mwekundu hautoki upesi.

Asubuhi ya pili yule mama hakugusa kaa. Alikaa na mke wangu, ambaye alimaliza darasa la saba na hanifichi, wakaandika kwenye karatasi ya daftari. Juu maandishi ya Kichina, chini Kiswahili. Mke wangu akaisoma kwa sauti, kila aliyekuwepo asikie: dole lililo kwenye ile karatasi ni langu, lakini sikulitia mimi, nilishikwa, na ninalifuta. Kisha akauliza, "Nani kamshika, tuandike?" Akanitazama. Nikamwambia aache ujinga. Akainama akaandika: mume wangu.

Yule mama akanijia na karatasi na kalamu.

"Mzee, wewe shahidi," akasema. "Wewe ulikuwepo."

Nilijua maana yake. Akiipiga picha akaituma kwao, karatasi ya bosi inakuwa takataka na pasipoti haipo tena. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua. Nikamwambia atafungwa. Akasema anajua. Nikamwambia kuwa mtu mzima anayejitafutia gereza kwa sababu ya wino ni mwehu, na kwamba kama ni mimi mamaye ningemkana kabla ya serikali. Hilo la mamaye lilimwingia, nililiona likimwingia. Akaendelea kuninyooshea kalamu.

"Mimi niliona mtu anatia dole kwa hiari yake," nikasema. "Na hawa wote waliona."

Nikawageukia wavuvi. Hakuna aliyenipinga. Ndizi zake walikuwa wakimletea, lakini mimi ndiye ninayewanunulia kaa.

Mke wangu akachovya dole lake kwenye masizi ya sufuria, akalitia chini ya karatasi, akiwa anajua kuandika jina lake vizuri kuliko mimi. Yule mama akaipiga picha kwa simu, akaituma. Mtandao wetu wa taabu ulichukua muda, wote wawili wakaishikilia ile simu juu, wamesimama kwenye gati kama wanaotundika nguo.

Bosi alirudi baada ya siku chache. Hakufoka. Alikunywa chai yangu, akaniambia kule kwao karatasi ya kwanza ilikuwa imepokelewa, mama mzee ameachwa apumzike, na sasa picha imefika na watu wamerudi kumgongea mlango. Pasipoti haitatoka. Yeye hawezi tena kukaa na mtu asiye na karatasi, ana biashara na ana watoto. Atamkabidhi kwa uhamiaji.

Yule mama alikuwa amekwisha kufunga begi lake, moja. Kulikuwa na tenga la kaa wa asubuhi halijapangwa, akaomba amalize. Bosi akatazama saa. Akawapanga wote, mmoja mmoja, dole lake bado lina wekundu pembeni mwa ukucha. Waliobonyea akawaweka kando. Ndipo akapanda boti ya Nyamisati. Wanawake walisimama gatini. Mimi nilipita kumuaga, nikasema safari njema. Akanijibu, "Asante, Mzee," kwa adabu ileile ya siku zote, na hilo lilinichukiza kuliko kama angenitemea mate.

Mke wangu hakuniacha. Ananipikia, ananijibu, anafunga kaa. Alfajiri anasimama nyuma ya kibanda peke yake, wale wengine wawili waliogopa. Mtu yeyote akimuuliza yule Mchina alikwenda wapi, awe mgeni wa harusi, awe mwanangu wa kumzaa, anamwambia: mume wangu alimshika mkono akamtia dole kwa nguvu, akaja akakana. Hasemi kwa hasira. Anasema kama anayetaja njia ya kwenda sokoni. Nimemkemea, nimembembeleza, nimemtuma shehe. Shehe alimsikiliza, akatoka, akaniuliza mimi kama ni kweli.

Bosi hunipigia kila wiki kuuliza mzigo. Juzi hapa nilimuuliza juu ya shemeji yake. Akasema alirudi kwao. Nikauliza, kisha? Akasema alichukuliwa pale pale uwanja wa ndege. Nikamuuliza kama yuko hai.

"Mzee," akasema, "kaa wa wiki hii wachache sana. Kwa nini?"

Mke wangu alikuwa karibu, kashika kamba, anasikiliza. Nikamwambia bosi angoje maji bamvu yaje, bahari ikijaa sana kaa hutoka mashimoni wenyewe, atapata hadi achoke.