Pipa la Gereji

Harufu ya petroli hunirudisha Karatu, kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa, alikohamia mama yangu kutoka Singida kabla sijazaliwa. Juzi tu nilikuwa sheli najaza pikipiki mafuta, na pua ikanipeleka moja kwa moja hadi siku ya pipa.

Lilikuwa pipa jekundu, tupu, mama amelipata kwenye gereji ya magari ya watalii. Alitaka liwe la maji, likae jikoni kando ya mafiga, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba haina huruma, na maji yangepata angalau uvuguvugu wa kuogea. Ubavuni liliandikwa FLAMMABLE kwa herufi nyeupe.

“Huyu yuko darasa la tano, Kiingereza anakimwaga,” mama aliwaambia majirani waliokuja kuliangalia. “Haya mwanangu, tusomee.”

Kusoma nilisoma, tena kwa sauti ya mwalimu kabisa. Maana yake ndiyo sikuijua hata chembe. Lakini ningeanzaje kusema sijui, na nimeshasifiwa mbele za watu?

“Maana yake ni pipa gumu,” nikasema. “Moto hauliwezi.”

Mama Paskali, jirani yetu Mwiraqw, akanipigia makofi. Mama akainama, akanusa kwenye tundu la pipa, akanusa tena. Akanitazama kidogo.

“Hata kama moto hauliwezi, mimi nina woga wangu,” alisema. “Litakaa nje.”

Walimcheka, jamani. Mama Paskali alimwita mwoga wa mapipa hadi kahawa ikaisha kuchumwa, naye alijibu neno lilelile kila siku: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilinuna. Niliogea maji ya barafu msimu mzima, nikimlaumu yeye.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa kemia alitunyanyulia chupa yenye neno lile. Kinachoshika moto upesi, alisema. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ningetuunguza wote, mama, mimi na jiko letu lililoezekwa majani ya migomba, kwa ajili ya makofi.

Likizo ilipofika nikamuuliza. Alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua kichwa.

“Mama, siku ile ulijua kuwa nadanganya?”

“Mimi nilijua petroli,” akasema. “Kiingereza ulijua wewe.”