Picha ya Ineza ndani ya kasha la Adelfina

Saa mbili asubuhi, Nyamiaga, wilayani Ngara. Adelfina Ntakirutimana amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, ameegemeza sikio kwenye kasha jeusi lenye ukubwa wa matofali mawili ya kuchoma yaliyosimamishwa pamoja. Taa mbili za kijani zinapepesa.

“Nasikiliza kama linapumua,” anasema bila kuinua kichwa. “Likinguruma taratibu, nafungua studio. Likipiga mlio, sifungui.”

Ndani ya kasha hilo mna diski mbili zinazohifadhi picha, barua na vyeti vya watu wapatao mia tatu. Waya unaliunganisha na ruta ya Wi-Fi iliyopigiliwa ukutani. Mteja anakaa kwenye benchi la nje na kuangalia vitu vyake kwa simu, bila bando, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya nyumba hii.

Wengi wa wenye picha hizo ni Warundi waliovuka mpaka tangu mwaka jana, 2015. Wengine wamekataa kabisa picha zao ziwekwe kwenye intaneti. “Hawajui nani anaangalia huko,” anasema Adelfina. “Kwangu wanajua ni nani. Ni mimi.”

Ana miaka 41. Wazazi wake nao walivuka, mwaka 1972, wakapata shamba Mabawe, na huko ndiko alikozaliwa. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika la misaada hadi lilipofunga shughuli zake. Bosi wake alipokuwa akifungasha alimwachia lile kasha, akasema litamfaa. Hakusema litamfaa kwa nini.

Kwa miezi minane alilitumia kuwekea chungu cha maua.

Aliyelizindua ni Ndassa, fundi wa kompyuta kutoka Nemba, Biharamulo, aliyefika siku moja kupiga picha za pasipoti. Ndani yake aliweka programu za albamu ya picha, kabati la nyaraka na ukurasa wa matangazo, akala ugali, akaondoka. Adelfina alibaki na daftari lenye maneno ya siri na maelekezo ambayo, kwa kukiri kwake, alielewa nusu. Siku nzuri studio humwingizia shilingi elfu kumi na tano. Kuhifadhi picha za wakimbizi hatozi kitu.

Mei mwaka jana aliingia mwanamume mmoja, viatu vimejaa tope, jina lake Niyongabo. Usiku wa kuvuka, kundi lao lilitawanyika. Akampoteza mkewe, Kanyange, na binti yao wa miaka sita, Ineza. Alichokuwa nacho ni simu ndogo iliyokuwa ikizimika kila mara. Adelfina alihamisha picha zote kabla haijazimika tena. Siku mbili baadaye simu ile ilikufa moja kwa moja.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Niyongabo akarudi mbio kutoka kituo cha mapokezi. Mtumishi anayetafuta watoto waliopotea alikuwa anaondoka kwenda kambi za Kigoma saa sita mchana, na alimtaka alete picha ya mtoto.

“Mama, nipe Ineza,” alisema.

Asubuhi hiyohiyo kasha lilikuwa linapiga mlio.

Adelfina aliona taa ya kwanza ni ya kijani na ya pili imegeuka rangi ya chungwa. Daftari lilisema diski ikiharibika itolewe. Akaligeuza kasha ili aone waya vizuri, akahesabu moja, mbili, akachomoa diski ya pili. Mlio ukakoma. Akashukuru Mungu. Kisha akafungua albamu, na hapakuwa na albamu.

Alimpigia Ndassa simu.

“Umetoa ipi, dada?”

“Ya pili.”

“Ya pili kuanzia wapi?”

Adelfina akalitazama kasha. Lilikuwa limempa mgongo.

“Sikiliza,” Ndassa alisema polepole. “Zile diski mbili zinabeba kitu kilekile. Moja imekufa. Wewe umetoa iliyo hai. Usiguse kitu kingine. Zima. Irudishe hiyo hai palepale ilipokuwa, toa ile mbovu, kisha washa. Halafu usubiri.”

Walisubiri dakika arobaini. Niyongabo alikaa benchini, akasimama, akakaa tena. Saa nne na nusu ukurasa ukafunguka. Picha za harusi ya watu zilikuwepo. Vyeti vya ubatizo vilikuwepo. Albamu hupanga picha kwa tarehe ya kupigwa, hivyo Adelfina akaenda mwezi wa Mei. Ineza hayupo. Akaenda Aprili. Hayupo. Akaandika jina lake, kasha likajibu kuwa hakuna kitu cha jina hilo.

“Mama, uliniambia imo.”

“Imo.”

“Iko wapi?”

“Sijui, kaka yangu. Kwa kweli sijui.”

Anasema alianza kudhani hakuwahi kuihamisha, kwamba alikuwa amemdanganya mtu aliyepoteza familia. Alipitia mwaka 2014, akapitia 2013. Akazidi kushuka mpaka chini kabisa, na huko akakuta mwaka ambao hakuuelewa: 1970. Ulikuwa na picha kumi na moja.

“Mwaka huo hata mimi sijazaliwa,” anasema, bado akishangaa. “Nikajiuliza, nani kaleta picha za rangi za mwaka 1970?”

Akaufungua. Mtoto wa kike mwenye sweta ya njano alikuwa amembana kuku kifuani na kucheka. Baadaye Ndassa alimweleza kwamba simu ile ilikuwa ikipoteza tarehe kila ilipozimika, ikaanza kuhesabu upya kutoka huko.

Niyongabo alisogea karibu. Aligusa kioo, picha ikakua, akaondoa kidole kama aliyeungua. Adelfina alichapisha nakala tatu. Mwanamume alizibeba viganjani, wino bado mbichi, akafika kituoni gari likiwa limeshawashwa.

Baada ya wiki tano simu ya Adelfina iliita, namba ngeni, kumbe ni Niyongabo. Ineza amepatikana kambini Nyarugusu, akiwa na mwanamke wa kwao aliyemwokota njiani. Mama yake hajaonekana.

“Sikujua nimwambie hongera au pole. Nikasema yote mawili. Naye akawa anacheka na kulia, sikumwelewa, nadhani hata yeye hakujielewa.”

Diski iliyokufa imeshabadilishwa. Sasa anaweka akiba anunue ya tatu, ikae kwa dada yake Evarista huko Mabawe, ili nyumba hii ikiungua picha zisiungue. Amepanga pia kwenda Nemba kukaa wiki mbili kwa Ndassa na mkewe, ajifunze kazi hii kuanzia mwanzo, maana amechoka kuelewa nusu.

Katika zile picha kumi na moja, mbili ni za Kanyange. Adelfina ameziondoa mwaka 1970 na kuziwekea jina lake.

“Sijui atakuja lini, wala kama atakuja,” anasema. “Lakini akikaa kwenye lile benchi akaniuliza, sitaki kumjibu tena kwamba sijui.”